Speke ni Nani, Speke ni Wapi? Jina la Ukoo katika Ramani ya Ziwa Letu

Mtu anayekaa Kiseke, pale Ilemela jijini Mwanza, ana maji pande mbili. Magharibi iko Ghuba ya Mwanza, na huko ndiko meli na feri zinakotia nanga. Akishika njia ya uwanja wa ndege na kuendelea hadi Kayenze, anakutana na maji mengine, mapana zaidi, yanayoingia mashariki mpaka karibu na pori la Serengeti, na kaskazini yanapakana na Ukerewe. Maji hayo ramani zote zinayaita Ghuba ya Speke. Tuliimeza ramani hiyo shule ya msingi, tukaichora kwenye mitihani, tukapata alama zetu. Ila hakuna aliyetuuliza jina lile limefikaje pale.

Makala hii inakusudia kuuliza. Naandika kama mwanafunzi wa fasihi, si wa jiografia, na hoja yangu ni kwamba ramani nayo ni matini. Ina mwandishi, ina mwaka, ina hadhira iliyokusudiwa. Na jina la mtu likiwekwa juu ya mahali, yafaa tulihoji kama tunavyohoji jina la mhusika katika riwaya: nani kampa, kwa nini, na nani kanyimwa.

Tuanze na mwenye jina. John Hanning Speke alizaliwa mwaka 1827 huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Hanning ni jina la upande wa mama yake, Speke la upande wa baba, kwa hiyo kijana yule alibeba koo mbili tangu utotoni. Nyumba ya ukoo iliitwa Jordans, katika jimbo la Somerset. Yashike majina hayo mawili, Jordans na Somerset, kwa sababu yatafika Mwanza baada ya muda mfupi.

Wenzetu wanaopenda mpira na muziki wa Kiingereza watanikatiza hapa: mbona Speke ni kitongoji cha Liverpool? Ni kweli. Liko eneo linaloitwa hivyo, uwanja wa ndege wa jiji lile ulikuwa ukiitwa Speke kabla ya kupewa jina la John Lennon mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Paul McCartney na George Harrison waliwahi kukaa huko. Lakini mahali pale palikuwa na jina lake tayari mwaka 1086, katika kitabu cha sensa cha mfalme William, na kwa kawaida jina hilo huelezwa kuwa linatokana na neno la kale la Kiingereza la vichaka au vijiti. Jina la ukoo wa Somerset lina njia nyingine: huhusishwa na neno la Kifaransa cha kale la ndege kigogota. Basi, kichaka na kigogota vimekutana katika herufi tano. Kufanana kwa majina si undugu, na hili tulikumbuke kabla hatujaanza kujenga historia za makabila kwa kulinganisha majina tu, mchezo ambao umewanogea watu wengi hapa kwetu.

Sasa twende ziwani. Mwezi wa Julai mwaka 1858 Speke aliondoka Kazeh, yaani Tabora, akimwacha mwenzake Richard Burton huko, akaelekea kaskazini kutafuta ziwa ambalo Waarabu wa Tabora walimwambia linaitwa Ukerewe. Tarehe 3 Agosti alipanda kilima kimoja kabla ya kufika Mwanza, akayaona maji. Kilima kile akakiita Somerset. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1864 anatoa sababu: eti hakina jina la wenyeji. Na kile kijito kirefu cha maji kinachopanda kusini kutoka ziwani akakiita Jordans Nullah. Yaani nyumba ya baba yake, ikafuatiwa na neno la Kihindi la mkondo wa maji.

Hapo kwenye "hakina jina" ndipo ninapotaka tukae kidogo. Usukuma ni nchi ya mawe. Kwetu jiwe moja lenye umbo la ajabu lina jina na kisa chake, sembuse kilima kizima ambacho misafara ilipita juu yake! Kilichokosekana si jina. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia Speke kwa lugha anayoielewa, na muda wa kusikiliza, maana alikaa Mwanza siku chache tu akageuza njia. Tufuate safari ya swali lenyewe. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha. Alikuwa afisa wa jeshi la Waingereza huko India, kwa hiyo alijua Kihindustani. Aliuliza kwa Kihindustani, swali likageuzwa kuwa Kiswahili, na hapo lazima lilipokewa na mwingine aliyejua Kisukuma. Jibu nalo lirudi kwa njia ile ile. Lile neno la Kihindi lililoning'inia kwenye maji ya Mwanza ni alama ya wazi ya mnyororo huo.

Na aliyeshika kiungo cha katikati ni mtu ambaye jina lake linanishughulisha kuliko la Speke: Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, kutoka nchi iliyo karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa mtoto kijiji chao kilivamiwa, akapelekwa Kilwa, akauzwa, akavushwa bahari hadi India. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, akarudi Zanzibar, akaingia katika askari wa Sultani, na mwaka 1857 akachukuliwa na Burton na Speke. Sasa lichambue jina lake kama unavyochambua shairi. Sidi: ndivyo walivyoitwa watu wa asili ya Afrika kule India. Mubarak: Kiarabu, mwenye baraka. Bombay: mji. Jina alilopewa na mama yake Uyaoni halimo hata silabi moja.

Msomaji ataona mgeuko huu mwenyewe. Mzungu anatoka kwao na jina la ukoo, jina linageuka kuwa mahali. Mwafrika anang'olewa kwao, na mahali panageuka kuwa jina lake. Wawili hawa walitembea njia moja mwaka 1858, wakaona maji yale yale, wakasemezana kwa lugha ambayo haikuwa ya mmoja wao. Bombay aliendelea hata baada ya hapo: alisafiri tena na Speke kati ya mwaka 1860 na 1863, akamsindikiza Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871, kisha akavuka bara na Cameron mpaka pwani ya Atlantiki. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikampa nishani ya fedha. Alifariki mwaka 1885. Ghuba ya Bombay haimo katika ramani ya ziwa, wala rasi, wala hata kisiwa kimoja kidogo chenye mawe na kunguru.

Nirudi kwenye ghuba, kwa sababu haki ni haki: Speke hakujiita mwenyewe. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwaka 1864, akiwa mawindoni huko Uingereza. Aliyeliandika jina lake juu ya maji yale ni Henry Morton Stanley, mwaka 1875, alipoweka kambi Kagehyi kwenye pwani ya ghuba hiyo hiyo na kulizunguka ziwa kwa mashua. (Mashua aliiita Lady Alice, kwa jina la mchumba wake. Stanley akiwa bado safarini, binti yule aliolewa na mwingine. Haya tuyaache.) Sasa Stanley ni nani? Alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini, akaenda Marekani na huko akajitwalia jina la mfanyabiashara wa New Orleans. Ukitazama kusini-magharibi mwa ziwa utaona Ghuba ya Emin Pasha. Huyu naye alizaliwa Eduard Schnitzer huko Silesia; Emin ni jina la kuchukua, Pasha ni cheo. Kwa hiyo heshima ya ukoo wa Speke ilitiwa katika ramani na mtu asiyetumia jina la ukoo wake, na jirani yake ziwani ni jina ambalo halikuwa la ukoo wa mtu yeyote. Mwaka 1906 mtawala mdogo wa Abruzzi kutoka Italia alipanda Ruwenzori na kuvipa vilele majina, na wale watatu wakakutana tena: Mlima Stanley, Mlima Speke, Mlima Emin. Hata nzohe, yule swala wa majini anayeonekana Rubondo, katika vitabu vya wataalamu jina lake la Kilatini lina Speke ndani yake. Na London, katika bustani za Kensington, umesimama mnara wa mawe mekundu wa kumkumbuka, umeandikwa jina la Nyanza. Kwetu kuna jina lake, kwao kuna jina letu. Mabadilishano, lakini sijui nani alipatana bei.

Kuna jambo la ndani zaidi. Je, sisi tulikuwa na majina ya ukoo kwa maana hiyo ya Speke? Usukumani mtu aliitwa kwa lililotokea. Mabula ni mvua. Nzala ni njaa. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ndiye anayewafuata. Ukitaka kujua mtu ni wa nani unasema ng'wana fulani, mtoto wa fulani, na kizazi kinachofuata kinaanza upya. Kisha ikaja shule, ubatizo, kodi na fomu, na kila fomu ina nafasi ya jina la mwisho. Jina la babu likagandishwa pale. Leo unakutana na mwanachuo ambaye jina lake la tatu ni Kulwa, unamwuliza pacha wake yuko wapi, anacheka: pacha alikuwa babu.

Mfano mkubwa tunao. Nyerere Burito, chifu wa Wazanaki, aliitwa hivyo kwa sababu ya viwavi waliovamia nchi wakati wa kuzaliwa kwake. Lilikuwa jina la tukio. Mwanawe Kambarage alipobatizwa na kusoma, jina la baba likawa la ukoo, na baada ya hapo likapanda ndege na kushuka kila mahali: barabara, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2019, bwawa la umeme la Rufiji. Lilipanda na kivuko. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220, na kwa siku kadhaa jina hilo lilisikika redioni katika sentensi ambazo hakuna aliyewahi kufikiri yatasikika pamoja.

Waandishi wa Ukerewe, ng'ambo ya ghuba yetu, wanaijua siri hii ya majina vizuri. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe, na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Jina la mtoto Ntulanalwo ni sentensi nzima: naishi nacho, yaani kifo. Wazazi waliozika watoto kabla yake wameandika historia yao juu ya mwili wake. Weka neno hilo kando ya neno Speke. Moja unalisoma ukaumia. Jingine halikuambii lolote mpaka uende Somerset.

Wapo wenzangu katika semina wanaosema tufute yote, tuandike upya. Nawaelewa, lakini nina wasiwasi na dawa yao. Mwaka 1973 Ziwa Edward lilipewa jina la Idi Amin. Jirani yake Albert likawa Mobutu. Leo yote mawili yamerudi kwa wana wa kifalme wa Uingereza, kwa sababu kilichobadilishwa kilikuwa mwenye kiti tu, kiti chenyewe kilibaki. Mimi ningeanza na kazi ndogo zaidi. Wanafunzi wa isimu wapande Kayenze, Igombe, Kageye na Nansio na madaftari, wawaulize wavuvi kila mwamba, kila kina na kila upepo unaitwaje, kabla wazee hawajamalizika. Hayo yaingie katika ramani za shule pamoja na yaliyopo, kila jina na mwaka wake na aliyelitoa. Na kile kilima ambacho Speke alisema hakina jina, wakishakipata jina lake kwa wenyeji, waliandike. Wakilikosa kabisa, basi waandike Bombay. Mji ule wa India ulibadili jina mwaka 1995, unaitwa Mumbai, hautalihitaji tena.