Safari ya Ganzi Hadi Mbulu na Hanang

Kwa karne nyingi, mgonjwa wa mtoto wa jicho alipopasuliwa, dawa yake ya maumivu ilikuwa mikono ya msaidizi aliyembana kichwa. Waganga wa India ya kale waliusukuma ukungu chini kwa sindano. Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel akautoa nje kabisa. Ustadi ukakua, kilio kikabaki palepale. Hata etha ya miaka ya 1840 haikulifaa sana jicho: mgonjwa akizinduka alitapika, na kutapika kukafumua kidonda.

Septemba 1884, Carl Koller, daktari kijana wa Vienna, alibainisha kwamba matone ya kokeini hulitia jicho ganzi. Lakini kokeini ni sumu. Nafuu ya kweli ilikuja na lignokeini, iliyotengenezwa Uswidi na Nils Löfgren mwaka 1943. Miaka 12 baadaye Wanorwe wakafungua Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu. Mwaka 1971 ikafuata hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyokuja kufundisha wataalamu wengi wa macho.

Katika Mbulu na Hanang, nchi ya vumbi na ng'ombe, trakoma imewapinda wazee wengi kope zikaingia ndani, zikikwaruza jicho kila wanapopepesa. Wengine huzing'oa kwa kikoleo, nazo huota tena. Kuzirudisha kope nje, sindano ya ganzi kwenye kigubiko cha jicho hutosha. Kwa mtoto wa jicho, dawa huchomwa pembeni ya jicho, likakandamizwa taratibu kwa dakika kadhaa hadi lisigeuke tena.

Je, mzee apewe na dawa ya kumtuliza? Diazepamu, iliyoingia sokoni mwaka 1963, inashawishi. Ila mwili wa uzee huchelewa kuiondoa. Pumzi hulegea, akili huchanganyikiwa. Kibaya zaidi, mzee husinzia, kisha hugutuka kisu kikiwa jichoni. Afadhali awe macho, ametulia, anaelewa.

Anaelewa kwa lugha gani, basi? Bibi wa Hanang aliyekulia kwenye Kidatoga, uso umefunikwa kitambaa, anasikia vyuma vikigongana na sauti ikimwamuru kwa Kiswahili atazame chini. Muuguzi anayemshika mkono na kumweleza kwa Kidatoga, au kwa Kiiraqw kule Mbulu, humtuliza bila kumlegeza pumzi. Kwa maoni yangu, fomu ya kabla ya upasuaji ingepaswa kuuliza lugha ya mgonjwa papo hapo inapouliza presha na sukari.