Habu Iliyoundwa Ifunguke

Baiskeli nyingi za Uingereza za karne ya 20 zilibeba gia tatu ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo jicho halifiki. Habu maarufu kuliko zote ni zile za Sturmey-Archer, zilizoundwa katika mji wa Nottingham, na hadi leo zipo zinazozunguka barabarani baada ya miaka 70 au 80 ya kazi. Wengi hueleza maisha hayo marefu kwa kusema kwamba chuma cha zamani kilikuwa chuma kweli. Maelezo hayo hayatoshi. Habu hizi zimedumu hasa kwa sababu wabunifu wake walijua kuwa ipo siku fundi atazifungua, atazisafisha na kuzirudisha kazini, na wakamwandalia njia tangu mwanzo.

Kampuni ya Sturmey-Archer ilitokana na juhudi za Frank Bowden, mwenye kampuni ya baiskeli ya Raleigh, aliyetafuta gia ya kuwafaa wapanda baiskeli wa kawaida. Mwaka 1902 majina mawili yaliunganishwa: Henry Sturmey, mwandishi wa habari aliyekuwa mhariri wa kwanza wa jarida la The Autocar, na James Archer. Sehemu kubwa ya ubunifu ilikuwa ya William Reilly, lakini Reilly alikuwa amefungwa na mkataba wa kampuni nyingine, na hataza ikatoka kwa jina la Archer. Matoleo mengi yalifuata, hadi mwaka 1936 lilipotoka lile la AW, lililoundwa kwa miongo kadhaa bila kubadilishwa sana. Uthabiti huo ndio ushahidi wa kwanza. Sehemu nyingi za ndani za habu ya miaka ya 1930 zinaingia katika habu ya miaka ya 1960, na miaka mingi mwaka wa kuundwa uligongwa juu ya gamba lenyewe, ili fundi ajue ameshika habu ya lini kabla hajagusa spana.

Utendaji wake nao unaeleweka kwa hesabu ndogo. Katikati kuna gia ya meno 20 iliyoshikamana na ekseli, nayo haizunguki. Kuizunguka zipo gia ndogo nne zenye meno 20 kila moja, zilizobebwa na kizimba, na nje yake kuna ringi yenye meno 60 kwa ndani. Nguvu ya mnyororo ikiingia kwenye ringi na kutokea kwenye kizimba, gurudumu huzunguka robo tatu tu ya mzunguko wa sproketi, na mlima unapandika. Njia hiyo ikigeuzwa, gurudumu huzidi kwa theluthi moja. Katika gia ya pili nguvu hupita moja kwa moja, bila hizo gia ndogo kuipunguza wala kuizidisha. Kinachokamata au kuachia ni ndimi ndogo za chuma zinazosukumwa na springi nyembamba za waya. Ndiyo maana grisi nzito haifai humo: hunata, ndimi zinashindwa kunyanyuka, na pedali inateleza mguuni. Kiwanda kilitoboa tundu la kutilia oili kwenye gamba, na habu nyingi zinazodhaniwa zimekufa huwa zimeziba tu kwa oili iliyoganda.

Ikibidi kuifungua, kazi ina mpangilio. Cheni ndogo ya kubadilishia gia hutolewa kwanza, kisha nati na koni ya kushoto, halafu ringi ya gololi ya kulia hulegezwa kwa nyundo na patasi butu, na mtambo wote wa ndani hutoka kwa pamoja. Hapo panahitajika umakini: hesi ya ringi hiyo ina mianzo miwili, hivyo hutiwa alama kabla ya kufunguliwa, kwani ikirudishwa kwa mwanzo mwingine gurudumu linaweza kuhama kidogo kutoka katikati. Wakati wa kufunga, koni ya kulia hukazwa kwa vidole, hurudishwa nyuma nusu mzunguko, kisha hufungwa kwa nati yake. Baada ya hapo marekebisho yote hufanywa kwa koni ya kushoto, hadi rimu ibaki na mchezo mdogo sana.

Atatokea wa kusema kwamba ubora wa chuma ndio siri yenyewe. Jibu limo katika kiwanda hichohicho. Katikati ya miaka ya 1950 Sturmey-Archer ilitoa habu ya SW, yenye ndimi za umbo la mwezi mwandamo zisizo na springi. Jina lilikuwa lilelile na mji uleule, lakini gia zilisumbua na habu hiyo ikaachwa baada ya muda mfupi, huku AW ikiendelea. Mwingine atasema kuwa gia za nje, zilizoenea sana tangu miaka ya 1970, ni nyepesi na zinaonekana wazi, hivyo ni rahisi zaidi kutengeneza. Wepesi wake haukataliki, na ni kweli kwamba AW hupoteza nguvu kidogo katika gia ya kwanza na ya tatu. Lakini gia za nje hukaa kwenye vumbi na matope, na kila idadi ya sproketi ilipoongezeka, minyororo na vipuri vya jana vilikosa mahali pa kuingia.

Uundaji wa habu hizi Nottingham ulikoma mwaka 2000, jina likanunuliwa na SunRace ya Taiwan na mitambo ikahamishiwa huko. Kiwanda kimeondoka, lakini habu bado zinatengenezeka, na hiyo ndiyo hukumu ya haki juu ya ubunifu wowote. Raleigh nyingi zilizoenea Afrika Mashariki zilikuwa za gia moja, lakini somo linamhusu kila mnunuzi: kabla ya kulipa, uliza kama kifaa kinafunguka na kama vipuri vyake vinapatikana. Na ukikuta gurudumu la zamani lenye AW, usilitupe. Tia oili nyepesi, liache lilale usiku mmoja, kisha jaribu gia zote tatu.