Wiki 14 za mama mfanyakazi: safari ya sheria hadi Bunia

Tarehe 16 Oktoba 2002, Rais Joseph Kabila alitia sahihi Sheria namba 015/2002, yaani Kanuni mpya ya Kazi ya Kongo. Alitia sahihi Kinshasa, na amri ya Kinshasa wakati huo haikufika Bunia, mji wa Ituri, mashariki mwa nchi. Tangu Agosti mji ulikuwa mikononi mwa kundi la wapiganaji la UPC la Thomas Lubanga, na majeshi ya Uganda yalikuwa bado Ituri. Karani wa duka au muuguzi wa zahanati ya binafsi aliyekuwa mjamzito siku ile alipata haki ambazo pengine hakuzisikia hata kwa redio.

Haki hizo hazikuwa ndogo. Kanuni ya mwaka 1967 ilimruhusu mwanamke mwenye mume kuajiriwa, isipokuwa mume akikataa waziwazi. Ile ya 2002 ilimtazama mama kama mfanyakazi kamili. Kifungu cha 128 kinamkataza mwajiri kumtaka mwombaji kazi apimwe mimba, isipokuwa kwa kazi zinazojulikana kuwa za hatari kwa mjamzito au anayenyonyesha. Kifungu cha 62 kinasema wazi kwamba mimba na kujifungua si sababu halali ya kumfukuza mtu.

Kifungu cha 130 ndicho moyo wa yote. Mama anapumzika wiki 14 mfululizo, sita kabla ya kujifungua na zisizozidi nane baadaye, huku akipokea theluthi mbili za mshahara wake. Wakati huo mwajiri hana ruhusa ya kuvunja mkataba. Tena sheria inaongeza maneno machache mazito: haki hiyo ni yake, mtoto awe hai au la. Aliyemzika mtoto wake haamriwi kurudi kazini kesho yake. Na anayenyonyesha ana mapumziko mawili kwa siku, nusu saa kila moja, bila kukatwa mshahara.

Bunia ilipitia damu kabla ya kuyafaidi hayo. Mei 2003, Waganda walipoondoka, mapigano yaliutikisa mji. Juni wakafika askari wa Umoja wa Ulaya wa operesheni Artemis. Ofisi za serikali zilirudi polepole.

Hatua nyingine ilikuja tarehe 15 Julai 2016. Sheria ya familia ilirekebishwa, na sharti la mke kuomba idhini ya mume kwa matendo ya kisheria, lililokuwa katika sheria ya mwaka 1987, likaondolewa. Siku hiyohiyo sheria ya hifadhi ya jamii iliingiza malipo ya uzazi kati ya mafao yake, ambayo sasa yako chini ya mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, CNSS. Mzigo haukupaswa tena kumwangukia mwajiri peke yake, naye akabaki na sababu moja pungufu ya kuiogopa mimba ya mfanyakazi wake.

Leo mama aliyefukuzwa kwa sababu ya mimba huanza kwa mkaguzi wa kazi, anayejaribu kuwapatanisha yeye na mwajiri kabla ya kesi kwenda mahakamani. Ili asikilizwe, anahitaji cheti cha daktari na kitu cha kuonyesha kwamba kweli aliajiriwa.

Hapo ndipo wengi wa Ituri wanapokwama. Kaskazini mwa Bunia, kwenye machimbo ya dhahabu ya upande wa Mongbwalu, wako akina mama wanaotwanga mawe. Mashariki ya Kongo huwaita *twangeuses*, neno la Kiswahili lililovishwa mkia wa Kifaransa. Mchi unapanda na kushuka, vumbi linawajaa puani, unga wa jiwe unachekechwa na kutwangwa tena. Mkataba hakuna. Kanuni za madini za mwaka 2012 zinahesabu wajawazito waliopo mgodini kama dosari ya mgodi. Nia ni kuwakinga na hatari, lakini anayeondolewa hapewi theluthi mbili za chochote.

Wiki zake hakuna anayezihesabu. Akishajifungua, hurudi kwenye kinu siku atakayoweza kusimama, mtoto akiwa mgongoni.