Vilima Viwili vya Providence

Ukisimama College Hill jioni, jua linapotua, mji wa Providence unakuwa chini yako bondeni, na ng'ambo ya pili, upande wa magharibi, unakiona kilima kingine: Federal Hill. Hadithi moja ya mwaka 1935 iliweka kati ya vilima hivyo kiumbe ambacho akili ya binadamu haiwezi kukielewa.

Mji huu wa jimbo la Rhode Island, Marekani, ulianzishwa mwaka 1636 na Roger Williams, mhubiri aliyefukuzwa Massachusetts kwa sababu ya maoni yake. Wanarragansett, wenye nchi, walimpa mahali pa kukaa, naye akaupa mji jina linalomtaja Mungu awatunzaye viumbe wake. Miaka mingi baadaye viwanda vilileta wahamiaji wengine, na Waitalia wakajaa Federal Hill.

H. P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi hiyo, alizaliwa mwaka 1890 upande wa mashariki, katika ukoo uliojivunia asili yake ya Kiingereza. Tangu utotoni alipenda nyota, hata akaruhusiwa kuingia katika kituo cha kutazamia anga cha Chuo Kikuu cha Brown. Huko angani hakumwona Mungu mtunzaji. Akabuni Azathoth, kipofu asiye na akili, aliyekaa katikati ya ulimwengu wote, na mjumbe wake Nyarlathotep. Azathoth hamchukii binadamu. Hana hata habari naye.

Lakini Lovecraft alikuwa na hofu nyingine, ya karibu zaidi. Aliwadharau wahamiaji, na barua zake zinalisema hilo waziwazi. Mwaka 1933 alihamia nyumba namba 66, College Street, ambako dirishani aliona Federal Hill na mnara mweusi wa kanisa la Mtakatifu Yohane. Juni 1935 radi ikauangusha mnara huo. Novemba akaandika "The Haunter of the Dark".

Katika hadithi hiyo kijana mwandishi, Robert Blake, anakaa katika nyumba kama hiyo na kutazama ng'ambo siku baada ya siku. Mwishowe anavuka. Watu wa mtaani anaowauliza njia wanafanya ishara ya msalaba na kukwepa swali. Ndani ya kanisa lililohamwa anakuta jiwe, na kwa kulitazama anakiamsha kitu kisichostahimili mwanga. Msomaji haonyeshwi umbo lake: anaambiwa mabawa, uvundo, na jicho linalowaka lenye sehemu tatu. Yaliyobaki ni giza.

Usiku wa dhoruba taa za umeme zinazimika mji mzima. Nani anaulinda mji? Si wasomi wa College Hill. Ni Waitalia wa Federal Hill, wanaolizunguka kanisa kwa mishumaa na taa za mafuta, wamezikinga kwa miavuli, wanasali kwenye mvua. Upepo unapoizima mishumaa, kitu kinatoka. Blake anakutwa amekufa kwenye dirisha lake, macho yamekodoka.

Sidhani kama mwandishi alikusudia kuwasifu majirani zake. Hata hivyo hadithi imemponyoka: wale aliowaona washirikina ndio waliojua kilichomo mnarani, na msomi ndiye aliyekifungulia mlango. Usilolijua ni usiku wa giza, wahenga walisema. Kwa Lovecraft usiku huo ulikuwa na makao mawili, nyuma ya nyota na kwenye kilima cha pili.

Alifariki Machi 1937, akiwa na miaka 46. Nyumba yake ilihamishwa mwaka 1959 ikapelekwa Prospect Street. Kanisa lilibomolewa mwaka 1992. Federal Hill iko palepale, na mikahawa ya Kiitaliano ingali inawasha taa Atwells Avenue. Kutoka kilima hadi kilima ni mwendo wa miguu usiotimiza saa moja.