Matumaini ya Watoro wa Rabai

Umisheni wa Kiprotestanti ulianza Mombasa kwa msiba. Mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika, Johann Ludwig Krapf alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuja 1846 wakahamia Rabai, na huko akadumu karibu miaka 30. Alifiwa na mke, macho yakaingia kiza, na waumini aliowapata walikuwa wa kuhesabika. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, akishikwa mkono na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai.

Waliokuja kuijaza Rabai hakuwaita yeye. Walikuwa watoro, watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakakata nyika kwa miguu hadi misheni. Wakubwa wa misheni waliwaogopa, maana kumficha mtumwa wa mtu ni kumchokoza mwenye mali, na mwenye mali alikuwa na bunduki. Maagizo yakatoka kwamba watoro wasipokewe. Wakapokewa. Rabai ilikuwa chini ya William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kulelewa India, na mtu wa historia hiyo angewezaje kumfungia mlango mtoro? Kule Ugiriama, David Koi naye aliongoza kijiji cha watoro huko Fuladoyo. Aliuawa mwaka 1883.

Ndiyo maana nasita kila ninaposoma kwamba wamisionari waliwaletea watu hawa matumaini. Mtu aliyetoka shambani usiku, hajui kama atafika, alikuwa nayo tayari. Alichokikuta Rabai ni jina jipya la ubatizo, kipande cha ardhi ya kulima na Mungu ambaye habari zake zilianza na taifa la watumwa waliotoka Misri. Mahubiri ya namna hiyo hayakuhitaji ufafanuzi mrefu.

Mwaka 1885 Jones alifuatana na Askofu James Hannington katika safari ya Buganda. Hannington aliuawa Busoga pamoja na wapagazi wengi. Mapema mwaka 1886 Jones alirudi Rabai na mabaki ya msafara, nyuma ya bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Mwaka huohuo, tarehe 3 Juni, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja kwa imani yao huko Namugongo, Buganda. Mtu angeweza kuamini bendera ile.

Watoro hawakuondoka. Mwaka 1888 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza, akihitaji utulivu kwa ajili ya biashara, alikubali kuwalipa wenye watumwa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni wakapewa hati za uhuru. Uhuru wao, kwa hiyo, ulipitia daftari la mfanyabiashara. Sioni aibu ndani yake: walishauchukua wenyewe miaka mingi nyuma.

Karne iliyofuata ilileta uchovu wake. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea hadi Kenya, na wakati wa vita vya Mau Mau kuna waumini wa uamsho huo, walioitwa Walokole, waliokataa kiapo cha msituni na kukataa pia bunduki za serikali. Walionekana wasaliti pande zote mbili.

Kisha Uganda. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari 1977, na serikali ya Idi Amin ikauzuia mwili usifike kilima cha Namirembe, ambako kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na la Hannington. Waumini walijaa kilimani hivyohivyo, wakaimba habari za ufufuo mbele ya shimo tupu. Askofu Festo Kivengere, Mlokole, alivuka milima kwa miguu hadi Rwanda, akaandika kitabu ambacho kichwa chake kinasema kwamba anampenda Idi Amin. Kichwa hicho ni kigumu kumeza, hasa kwa aliyefiwa. Amin alipong'olewa mwaka 1979, Kivengere alirudi Kigezi, kwenye nchi iliyojaa wajane na yatima, akaendelea na kazi.