Hedifoni za Zamani na Ufundi Wake, Kutoka Reli ya Sultan Hamud hadi Soko la Kasikeu

Hedifoni za mwanzo zilikuwa chombo cha kazi. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, Mmarekani wa jimbo la Utah, aliliuzia jeshi la majini la nchi yake hedifoni alizokuwa akiziunda jikoni kwake, nazo zilivaliwa na askari waliosikiliza ishara za redio melini. Nyingi za enzi hiyo zilikuwa na umbo moja la ndani: sumaku, koili mbili za waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, na kisahani cha chuma kilichokaa juu yake bila kuzigusa. Umeme wa sauti ukipita kwenye koili, mvuto wa sumaku hupanda na kushuka, kisahani hutetemeka, na sikio husikia. Kifaa hicho hakikuwa kigeni: ndicho kilichokuwa ndani ya mkono wa simu tangu miaka ya 1870.

Ukambani huenda kilifika kwa njia hiyo ya simu. Kasikeu iko katika eneo bunge la Kilome, kaunti ya Makueni, jirani na mji wa Sultan Hamud, ambao ulianza kama stesheni ya reli na kupewa jina la Sultan Hamud bin Mohammed, aliyetawala Unguja kuanzia 1896 hadi 1902. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, huku nyaya za mawasiliano zikitandazwa kando ya mataruma. Kwa hiyo habari zilizosafiri kwa waya zilipita nchi hii kavu miaka mingi kabla ya redio, ingawa zilikuwa za wakubwa wa reli wakiulizana habari za treni.

Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, kwa Kiingereza, yakiwalenga hasa walowezi. Redio rahisi ya wakati huo ilikuwa ya fuwele: haikuhitaji betri wala umeme, ila antena ndefu, waya wa ardhini na hedifoni, kwa kuwa nguvu iliyotoka angani haikutosha kuendesha spika. Hapa ndipo unapoonekana ubora wa hedifoni za kale. Koili zake zilikuwa na mizunguko maelfu, na ukinzani wa jozi moja ulifika omu 2,000 au 4,000, hivyo umeme kidogo mno uliweza kutikisa kisahani. Lakini redio ya fuwele hushika vizuri kituo kilicho karibu tu, na Sultan Hamud ni mwendo wa takriban kilomita mia moja kutoka Nairobi. Mwananchi wa kawaida wa Kasikeu hakuwa na nafasi katika matangazo hayo, kwa lugha wala kwa umbali.

Vita vya Pili vya Dunia vilibadilisha hali. Wakamba walikuwa miongoni mwa walioandikishwa kwa wingi katika King's African Rifles, na jeshi la Afrika Mashariki liliwafunza Waafrika kazi ya mawasiliano, ambayo hedifoni ilikuwa sehemu yake. Nyumbani nako serikali ya kikoloni ilianza kutangaza kwa lugha za Kiafrika, ili jamaa wapate habari za askari waliokuwa ng'ambo.

Baada ya Uhuru, mwaka 1964, shirika la utangazaji lilitwaliwa na serikali na kuitwa Sauti ya Kenya. Lilitangaza kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha kadhaa za nchi, Kikamba kikiwemo. Redio ya transista ilikuwa imeshafika, nayo iliendeshwa kwa mawe, yaani betri, ambayo kuanzia 1967 yalitengenezwa Nakuru katika kiwanda cha Eveready. Redio nyingi ndogo ziliuzwa na iyafoni ya sikio moja. Leo kidude hicho hudharauliwa, na si haki. Kijijini, ambako mawe yalinunuliwa kwa hesabu, kusikiliza kwa iyafoni kulipunguza sana matumizi, maana spika ndiyo inayokula umeme zaidi sauti inapopandishwa.

Iyafoni hiyo ilileta pia ugonjwa unaojulikana na kila fundi wa redio. Ndani ya tundu la iyafoni mna ulimi mwembamba wa chuma. Jeki ikiingia, ulimi husukumwa na spika hukatwa. Jeki ikitolewa, ulimi hurudi mahali pake. Ukishika kutu au vumbi jekundu, haugusi tena, na redio hukaa kimya japo kila kitu kingine ndani yake ni kizima. Dawa yake ni kuusugua kwa msasa laini na kuukunja kidogo urudi. Iyafoni zenyewe hazikuwa na dawa rahisi namna hiyo. Zile za fuwele zilitumia chumvi ya Rochelle, ambayo huharibika kwa unyevu na kwa joto linalozidi nyuzi 55 za Selsiasi, joto ambalo gari lililoegeshwa juani linaweza kulifikia.

Hedifoni za muziki zina historia fupi zaidi. John Koss alitoa za stirio Marekani mwaka 1958. Sennheiser ya Ujerumani ikatoa HD 414 mwaka 1968, nyepesi, zilizo wazi kwa nyuma na zenye sponji ya manjano. Na mwaka 1979 Walkman ya Sony ikaufanya muziki utembee na mtu. Miaka hiyohiyo bendi za Kikamba zilikuwa zikivuma kwa santuri zilizouzwa River Road, Nairobi: Kilimambogo Brothers wa Kakai Kilonzo, Kalambya Boys, na Kalambya Sisters walioimba "Katelina". Muziki huo unanufaika sana na hedifoni nzuri. Katika spika ndogo ya redio, besi hupotea na magitaa hujikusanya kuwa kelele moja. Masikioni, gitaa la pili linasikika likijibu la kwanza, na besi inasikika ikiongoza wimbo mzima.

Kufufua hedifoni mbovu huanza kwa mita ya kupimia waya. Mshale usiposogea, koili au waya umekatika, na mara nyingi ni waya, karibu na jeki au pale unapoingia sikioni. Waya wa hedifoni za kale ni uzi wa pamba uliozungushiwa ukanda mwembamba wa shaba, na solda haiushiki vizuri. Njia inayofaa ni kuufunga kwanza kwa waya mwembamba wa shaba, kisha kulehemu juu yake. Waya wa enzi ya Walkman una vanishi, ambayo lazima iunguzwe kwanza, la sivyo solda hujiviringisha na kudondoka.

Kifuniko kikifunguliwa, kisahani cha chuma hakibanduliwi kwa bisibisi. Husukumwa pembeni taratibu mpaka kiachwe na sumaku, kwa sababu kikipinda hata kidogo sauti hukwaruza daima. Chembe za chuma zilizonata kwenye sumaku huondolewa kwa utepe wa gundi. Waya mmoja huwa na uzi wa rangi: huo ni wa chanya. Katika redio za valvu, umeme wa valvu ulipita moja kwa moja ndani ya koili, na kuugeuza kulidhoofisha sumaku mwaka hadi mwaka.

Sponji na ngozi bandia ndizo hufa mapema kuliko vyote. Sponji ya godoro yaweza kukatwa kuziba pengo, lakini unene una maana: ikiwa nene mno, spika ya ndani hukaa mbali na sikio na besi hupungua, ikiwa nyembamba, sikio huumia.

Baada ya hapo hubaki swali la kuchomeka wapi. HD 414 ina omu 2,000, na simu ya mkononi huiendesha kwa sauti hafifu, kwa kuwa simu imeundwa kwa hedifoni za omu chache. Transfoma ya spika iliyotolewa katika redio mbovu ya valvu hutosha kuziba pengo hilo: simu huunganishwa upande uliokuwa wa spika, na hedifoni upande uliokuwa wa valvu. Kwa kusikiliza stirio zinahitajika transfoma mbili, moja kwa kila sikio.