Kutoka Ikulu hadi Bwawani

Januari 1981 Jimmy Carter alirudi kwao Plains, mji mdogo wa jimbo la Georgia, akiwa na umri wa miaka 56. Wapiga kura wa Marekani walikuwa wamemwangusha miezi miwili tu iliyotangulia. Biashara yake ya karanga, aliyoiacha mikononi mwa wadhamini alipoingia Ikulu, alikuta imezama katika deni la karibu dola milioni moja. Kwa desturi ya marais wa huko, kilichobaki kilikuwa kuandika kumbukumbu, kujenga maktaba yenye jina lake na kulipwa kwa hotuba. Vitabu aliviandika, tena vingi, na maktaba ikajengwa Atlanta. Lakini mwaka 1982 yeye na mkewe Rosalynn walianzisha pia kituo cha kazi za amani na afya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Emory, na humo ndimo mstaafu huyu alimokutana na hasimu wa maisha yake: mnyoo.

Mnyoo wa Guinea huingia mwilini kwa maji ya kunywa. Mtu akinywa maji ya bwawa yenye vijidudu vilivyobeba mabuu, hahisi lolote kwa karibu mwaka mzima. Kisha lengelenge hutokea, mara nyingi mguuni, na linapopasuka mnyoo jike, mwembamba kama tambi na wenye urefu unaoweza kufikia mita moja, huanza kuchomoza. Hakuna chanjo, wala hakuna dawa ya kuutibu. Huviringishwa kwenye kijiti, sentimita chache kila siku, kwa wiki kadhaa. Mgonjwa akitumbukiza mguu bwawani ili apoze maumivu, mnyoo humwaga mabuu majini na wengine wakayanywa. Mara nyingi minyoo hutoka wakati wa kulima au kuvuna, ndiyo maana Wadogon wa Mali waliuita ugonjwa wa ghala tupu.

Mwaka 1986, kituo cha Carter kilipoanza kuongoza kampeni, watu wapatao milioni 3.5 katika nchi 21 za Afrika na Asia walikuwa wakiugua kila mwaka. Wataalamu walijua namna ya kuutokomeza. Mmoja wao, Dk. Donald Hopkins, alikuwa ameongoza vita dhidi ya ndui nchini Sierra Leone, na alieleza kwa miaka mingi kwamba mnyoo huu nao ungeweza kufutwa duniani. Tatizo ni kwamba haukuwa ukiua watu wengi na haukufika mijini. Waziri anayeishi mtaa wenye maji ya bomba hakuwa na sababu ya kuukumbuka bajeti inapogawanywa.

Carter hakuwa daktari. Alichokuwa nacho ni jina lililomwezesha kuketi na rais yeyote, na ukaidi wa kuuliza tena mwaka unaofuata. Mwaka 1986 alilifikisha suala hilo kwa Jenerali Zia ul-Haq wa Pakistan, na nchi hiyo ikaona mgonjwa wake wa mwisho mwaka 1993. Machi 1988 alikwenda kijiji cha Denchira nchini Ghana. Akamwona mwanamke aliyeonekana kama amepakata mtoto. Alipomsogelea akagundua kuwa ameshikilia titi lake lililovimba, na mnyoo ukitoka kwenye chuchu. Kisa hicho alikisimulia mpaka uzeeni.

Jina hilo lilifungua pia viwanda. Carter alimwendea Edgar Bronfman, aliyekuwa kwenye bodi ya kampuni ya DuPont, na matokeo yake yakawa msaada wa nyuzi za nailoni zilizofumwa kuwa vitambaa vya kuchujia maji, imara na vyenye matundu madogo ya kuvizuia vile vijidudu. Wanavijiji wengi, bila shaka, wangependa zaidi kisima kirefu. Kampeni ilichagua kitambaa kwa sababu ni rahisi na hufika haraka. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa lengo la kumaliza mnyoo. Kwa anayetaka maji safi ya kuoga na kufulia, ulimwacha palepale alipokuwa.

Hata hivyo Mmarekani mmoja hawezi kuzunguka vijiji vyote vya Sahel. Carter akatafuta wastaafu wenzake. Wa kwanza alikuwa Amadou Toumani Touré, mwanajeshi aliyempindua Moussa Traoré nchini Mali Machi 1991, akaitisha uchaguzi na mwaka uliofuata akang'atuka. Kiongozi wa mapinduzi anayetimiza ahadi ya kuondoka alikuwa kitu adimu, na heshima aliyoipata kwa kuondoka ndiyo aliyokwenda nayo vijijini kuzungumzia vichujio. Aliongoza kampeni ya Mali na kuihamasisha katika nchi nyingine zinazotumia Kifaransa, hadi aliporudi madarakani kwa kura mwaka 2002. Kipindi hicho cha pili madarakani hakikwisha salama: mwaka 2012 askari walimpindua yeye.

Historia ya Yakubu Gowon ilikuwa nzito zaidi. Aliitawala Nigeria kuanzia 1966, akapigana vita dhidi ya Biafra iliyojitenga hadi 1970, na Julai 1975 akapinduliwa akiwa Kampala kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Akaenda Uingereza kusoma sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Warwick, mwanafunzi aliyewahi kuwa mkuu wa nchi. Alipojiunga na kampeni mwishoni mwa miaka ya 1990, Nigeria, iliyohesabu wagonjwa zaidi ya 650,000 mwishoni mwa muongo uliotangulia, ilikuwa imepunguza sana idadi, lakini kasi ilikuwa imelegea. Jenerali akaenda kuwasukuma magavana na viongozi wa serikali za mitaa. Mgonjwa wa mwisho wa nchi hiyo alionekana Novemba 2008 katika jimbo la Enugu, eneo ambalo lilikuwa ndani ya Biafra.

Sudan ilihitaji zaidi ya ushawishi. Vijiji vilivyoathirika vilikuwa katikati ya vita, na mhudumu wa afya hawezi kugawa vitambaa chini ya risasi. Machi 1995 Carter alizishawishi Khartoum na makundi ya waasi wa kusini kusitisha mapigano kwa miezi miwili. Muda huo ukaongezwa hadi karibu miezi sita, na wahudumu wakapata nafasi ya kugawa vichujio, kuchanja watoto na kutoa dawa za upofu wa mtoni. Vita vikarudi. Ni vigumu kumfikiria daktari, awe bingwa kiasi gani, ambaye angepata nafasi hiyo kutoka kwa majenerali waliokuwa wakiwindana.

Uganda, iliyokuwa na wagonjwa zaidi ya 120,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilithibitishwa kuwa salama mwaka 2009, na Kenya mwaka 2018. Tarehe ya mwisho ya kwanza iliyowekwa ya kuutokomeza mnyoo duniani, 1995, ilikuwa imepita zamani, na nyingine zikafuata. Agosti 2015, alipotangaza kuwa ana saratani, Carter alisema angependa mnyoo wa mwisho ufe kabla yake.

Alifariki Desemba 29, 2024, akiwa na miaka 100. Mwaka huo waliripotiwa wagonjwa 15 dunia nzima, wote Chad na Sudan Kusini. Siku hizi kazi kubwa ya Chad ni mbwa: tangu 2012 imejulikana kuwa nao hubeba mnyoo huo, kwa hiyo wanavijiji hulipwa kwa kutoa taarifa na kumfunga kamba mbwa mwenye mnyoo asifike bwawani. Lengo jipya ni 2030.